Jino la Plastiki la Mtoto wa Miaka Sita

Kwa miaka minne nimekana kwamba niliwahi kumpeleka mwanangu kwa mng'oa meno ya plastiki, yale yanayodaiwa kuota kwenye fizi za watoto na kuwaletea homa. Nimekana mbele ya mume wangu, na mara moja mbele ya ukumbi mzima wa walimu walionialika niwaeleze madhara ya imani hiyo. Nilimpeleka. Niliandika makala ya kuwacheka wanaopeleka watoto, halafu nikampeleka wangu.

Asubuhi moja, nyumbani kwetu mtaa wa Kambarage, binti yetu alikataa kutafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. "Mama, kuna jiwe." Nikamulika kwa tochi ya simu. Nyuma ya gego la mwisho la chini, juu ya ufizi mwekundu, palikuwa na kitu cheupe, kidogo kama chenga ya mchele. Nilipokigusa kwa ukucha kilikuwa kigumu, naye akapiga kelele.

Daktari wa meno alipiga eksirei, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Gego la ukubwani linapanda hapa chini. Hiki cha juu kinaweza kuwa kijifupa, kinaweza kuwa jino la ziada. Mara chache sana huwa uvimbe unaojitengenezea vijimeno. Namtumia picha mwenzangu wa Mwanza, halafu nitakupigia. Msikichokonoe."

Katika maneno yote hayo niliondoka na moja: uvimbe. Mimi ni msomi, najua kutafuta habari. Nikatafuta mtandaoni siku tatu, na kila nilipofungua nilikuta taya la mtu limekatwa.

Mama mkwe hakuhitaji mtandao. "Mayu," akaniita mama kwa kilugha chake, "hilo ni la plastiki."

"Mama, meno ya plastiki wanasema ni ya watoto wachanga."

"Basi lilijificha. Wewe ulikuwa unaandika magazeti, ungeliona saa ngapi?"

Siku ya nne mtoto aliamka na homa, shavu limevimba. Mume wangu alikuwa kazini kwenye mgodi wa Bulyanhulu, chini ya ardhi, ambako simu haimfikii. Daktari nilimpigia mara tano, hakupokea. Nikamuuliza mama mkwe njia. Nikapanda pikipiki ya kukodi, mtoto katikati yangu na dereva, hadi mtaa wa Ngokolo.

Bibi mng'oa meno mwenyewe alikuwa uani, anapitisha spoku ya baiskeli kwenye makaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu, msomi wa magazeti. Wasomi wenzako huwa wanazunguka mlango wa nyuma."

Akaingiza kidole kinywani mwa mtoto. "Limekomaa hili. Nitachimba."

"Chimba taratibu," jirani aliyekuwa akifua akadakia, "usije ukakuta mwamba wa dhahabu, wachimbaji wakahamia hapa!" Wakacheka wote wawili.

"Mshike kichwa," bibi akaniambia.

Nikamshika. Homa yake iliniunguza viganja. Hakuitazama spoku, alinitazama mimi. Ndipo simu ikaita mkobani, nikaachia mkono mmoja. Alikuwa daktari.

"Mama, uko na mtoto?"

"Yuko shule," nikasema.

"Mbona umeachia kichwa?" bibi akafoka kwa sauti ya kuita ng'ombe. "Mshike, spoku inapoa!"

"Mama," daktari akasema polepole, "nisikilize kabla hujashika kichwa cha mtu. Mwenzangu ameiona picha. Si uvimbe. Ni kipande cha mfupa mfu, gego linakisukuma juu likipanda. Mkichimba hapo mtaliharibu gego lenyewe, na halioti lingine. Kinacheza?"

"Sijui."

"Kiguse. Kwa kidole, mama."

Nikanawa, nikakigusa. Kikayumba.

"Kinacheza. Ila ameamka na homa, na shavu limevimba."

"Basi kimeshaachia. Homa ni ya ufizi, umeingia uchafu, hiyo ina dawa. Mlete sasa hivi. Na huyo aliye karibu nawe, mwambie azime jiko."