Mtoto Aliyefichwa Kichakani

Pale kituo cha wanyama walimwita Darubini, maana hata chooni aliingia nayo shingoni. Miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa moja: kuhesabu swala wa jangwani, wale wembamba wa rangi ya mchanga, wanaotoka mbio mpaka dereva wa doria anabaki kumeza vumbi. Maji hawana habari nayo. Hutafuna majani yenye umande alfajiri, siku ikaenda. Na kila mgeni alisomewa somo lile lile, wenzake wakicheka pembeni: "Ukikuta mtoto wa swala amelala peke yake, pita zako! Hajatupwa. Mama yake kamficha, atarudi kumnyonyesha."

Wageni wote waliambiwa. Mkewe, je? Thubutu! Nyumbani Darubini hakuwa mtu wa kusimulia kazi, na tangu wamzike binti yao wa pekee, miezi saba sasa, nyumba ile ilikuwa kimya kabisa.

Siku moja mkewe alitoka kuokota kuni, akarudi na mtoto wa swala ndani ya mtandio, kamkuta kwenye kichaka kinachoonekana dirishani.

"Babake, njoo uone! Maskini, mama yake kafa."

Babake! Hajamwita hivyo tangu mazishi. Tena alikuwa anacheka. Darubini alifungua mdomo, akaufunga. Acha afurahi leo tu, alijiambia, kesho nitamrudisha.

Kesho ikawa keshokutwa. Mtoto alinyweshwa maziwa ya unga kwa chupa, tumbo likamharibika. Na dirishani Darubini alimwona swala jike akizunguka kile kichaka, ananusa, anaondoka, anarudi, chuchu zimejaa. Akaivua darubini shingoni, akaitia kabatini.

Siku ya tatu, mchana, mtoto alifia mapajani mwa mkewe. Wakatoka pamoja kwenda kumzika. Walipofika kichakani, jike alikuwa amesimama pale pale. Swala hawa hukimbia hata ukikohoa, lakini yeye alirudi nyuma hatua chache tu.

"Huyu anatafuta nini?" mkewe aliuliza.

Darubini akageukia kando, asimwone yule jike.

"Wewe! Si nakuuliza? Ulijua?"

"Nilijua. Tangu ulipomleta. Ulikuwa unacheka, mke wangu, nikashindwa."

Mkewe hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Mimi ningerudishiwa wangu hata kwa saa moja," alisema, "ningemfuata kwa magoti. Mwenzangu huyu, wake alikuwa mzima, chumbani kwangu, na wewe unamtazama anavyohangaika."

Alimlaza mtoto pale alipomwokota, akaenda zake nyumbani bila kugeuka. Darubini akakaa mchangani kwa mbali, machozi yanamtoka.

Jike alisogea. Akamlamba mtoto masikio, akamlamba na mgongo, kisha akajiweka sawa ubavuni pake, akasubiri anyonye.