Usubi Walioshiba Damu

Kwa miaka kumi na tisa Fundi Jicho, kama walivyomwita pale maabara, aliinamia hadubini akichambua usubi. Aliwatenga kwa madoa ya mabawa kwanza, kisha kwa tumbo: wenye njaa kichupa hiki, walioshiba damu kile. Maana virusi vikionekana kwa aliyeshiba, huenda ni vya kondoo aliyetoka kuumwa naye tu, na usubi mwenyewe hana hatia.

Kisha akaja wifi yake, mke wa kaka yake, na shahada na mashine ya kusoma jeni. Mwezi wa pili tu akapata virusi vya homa ya kondoo kwa usubi wa madoa matatu wa kichupa cha wenye njaa, ambao hakuna aliyewahi kuwashuku. Ripoti ingepelekwa Ijumaa, na juu yake jina la baba yake Fundi Jicho, ambalo wifi alilipata kwa ndoa. Aliyezaliwa nalo hakuandikwa popote.

"Wifi, mbona umenuna?" yule wa mashine alimuuliza wakati wa chai. "Usubi wamekuuma?"

"Mimi mwenyeji wao. Hawaniumi."

"Basi nimekuuma mimi."

Wakacheka, mmoja kwa meno tu.

Wivu haukumpa usingizi. Alhamisi akatoa kwenye kabati akiba ya kundi lile, iliyohifadhiwa kwenye spiriti, akaiweka chini ya hadubini. Kati ya walioandikwa wenye njaa, watatu walikuwa na tumbo jeusi la damu. Basi huenda virusi vya wifi vilikuwa vya kondoo tu. Akageuza kichupa asome ni nani aliyechambua.

Mwandiko ulikuwa wake. Tarehe ni ile ambayo wifi alikaribishwa kwa hotuba chumba cha pili, naye masikio yake yalikuwa ukutani, macho yakifuata.

Angeweza kumwaga kila kitu kwenye sinki. Baada ya mwaka mmoja, miwili, wengine wangerudia kazi ile wasipate virusi, na wifi angeumbuka. Lakini angeumbuka kwa jina la baba yake, mzee aliyefundisha miaka thelathini bila kuficha kosa hata la nukta.

Akakiweka kichupa mezani kwa wifi. "Usiipeleke ripoti. Hawa wameshiba. Niliwachambua mimi."

Wifi alikitazama kichupa, kisha yeye. "Ungeniacha tu niaibike."

"Na jina letu je?"

"Letu," wifi alirudia taratibu. "Basi kaa, unionyeshe hayo matumbo."

Fundi Jicho akavuta kiti. Hakukisogeza karibu sana.