Mguu wa Kushoto wa Adui

Kila asubuhi, saa moja kasorobo, walinzi wa lango la kambi walimwona akija kwa mbali, wakapaza sauti kwa pamoja: "Adui kafika!"

Naye Adui, mzee mfupi mwenye mwavuli kwapani na mguu wa kushoto unaochelewa kidogo kila hatua, aliwajibu bila kupunguza mwendo, "Basi nipigeni haraka, nina kazi." Wakishacheka walimwamkia shikamoo kwa adabu, maana umri wake ulikuwa wa baba zao.

Jina hilo lilikuwa kichekesho. Mtu huyu hakuwahi kuwa adui wa kitu chochote zaidi ya panya wa stoo. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa tarishi wa kambi, raia asiye na cheo, kazi yake kubeba mafaili kutoka ofisi hii hadi ile. Mguu aliuvunja ujanani kwa kuanguka na baiskeli, na aliyemuunga mfupa siku hiyo alikuwa na haraka zake, mguu ukabaki mfupi. Bunduki aliishika mara moja tu maishani, askari mmoja alipomwomba amshikie afunge kamba za viatu, akaishika kama mtu aliyepewa kitoto kichanga kilicholowa.

Mwaka aliostaafu ndio mwaka mashine ilipoletwa. Ilishushwa kwenye lori ikiwa imefunikwa turubai jeupe, askari wakaiita Bibi Harusi, na jina likaganda. Turubai lilipotolewa, wakaona bunduki juu ya miguu ya chuma, jicho la kioo juu yake, na shingo inayojigeuza. Kiti cha mpigaji hakikuwapo. Ilitakiwa ilinde ghala la risasi, upande wa uzio unaopakana na njia ya watu. Kazi yake ni kumtazama kila apitaye na kuamua yenyewe, bila kumuuliza mtu, nani mpita njia na nani amekuja kwa shari. Wakati wa mafunzo haikutiwa risasi. Ilikuwa na taa tu: kijani, pita; nyekundu, umekufa.

"Inafundishwa kama mtoto," alieleza injinia, binti wa miaka ishirini na kitu aliyetumwa kutoka makao makuu. "Ione watu wengi wa amani, ione na watu wengi wa shari, mpaka iwazoee."

Watu wa shari walipatikana bila taabu. Askari walipewa bunduki za mbao, wakaja mbele ya jicho wakinyata, wakikimbia, wakitembea. Kazi ilikuwa kuwapata watu wa amani. Raia haingii kambini bila kibali, na kibali cha raia hupita meza saba. Injinia aliomba vibali vya raia hamsini, na mwezi mzima ombi lake lilikuwa bado limelala kwenye meza ya pili. Raia pekee mwenye kibali, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukifuta, alikuwa yule tarishi mstaafu. Akaitwa arudi, awe raia wote hamsini peke yake.

Akawa mkulima mwenye jembe begani. Akawa fundi bomba mwenye mabomba yake. Akavaa gauni la mkewe na kitambaa kichwani, ndoo mkononi, akawa mama anayetoka kuteka maji, na askari wakapiga miluzi mpaka sajini akawatisha kuwaweka ndani. Akavaa begi la shule mgongoni, mwanafunzi mwenye mvi. Mara arobaini kwa siku, kwenda na kurudi, jua lake, mvua yake. Mwanzoni Bibi Harusi alimuua kila mara. Mwezi wa tatu akaanza kumsamehe. Mwezi wa nane hakukosea hata mara moja: askari wote nyekundu, Adui kijani.

Na tuseme ukweli, mzee alijivuna. Mtu aliyeambiwa maisha yake yote "changamka basi," sasa alikuwa anasubiriwa. Injinia alimwita Baba, alimletea kiti chenye mto, na hakunywa chai yake mpaka Adui apate ya kwake. "Wewe ndiye mwalimu wake," alimwambia siku moja. Neno hilo alilipeleka nyumbani, akalirudia jikoni, akalirudia mezani, mpaka mkewe akasema, "Haya, mwalimu, nyanyua miguu nifagie."

Mkewe huyo, Mama Pacha, alikuwa fundi cherehani. Sare zilizochanika magotini zilikuja kwake kwa mafurushi, na alizirudisha langoni mwenyewe, akipita ile njia ya kando ya uzio. Wote walipita hapo: waendao zahanati, waendao sokoni, watoto wa shule. Njia nyingine ilizunguka kilima, na nani azunguke kilima na furushi kichwani?

Siku moja Adui alisahau dawa zake za mgongo. Mama Pacha akampelekea, akasimama nje ya uzio, akamwita. Bibi Harusi akageuza shingo. Taa ikawaka nyekundu.

"Mama, umeshakufa wewe!" askari walimpigia kelele, hoi kwa kicheko.

"Nizikeni vizuri basi," akawajibu, "ila kwanza mpeni huyu dawa zake."

Injinia alisema ni mwanga wa jua kwenye kioo. Akakifuta, akaandika kitu kwenye kompyuta yake, na kazi ikaendelea. Adui alicheka pamoja na wenzake, lakini kicheko hakikushuka tumboni. Kumwona mkewe ndani ya mwanga ule mwekundu, amesimama na kikaratasi cha dawa mkononi, kulimtia baridi ambayo hakujua aipeleke wapi.

Mgongo haukupona kwa dawa. Mama Pacha, ambaye hakuwa mtu wa kusubiri mambo yajitengeneze, alimnunulia mumewe jozi mpya ya viatu, akakipeleka cha kushoto kwa fundi viatu, kikaongezwa soli nene ya vidole viwili. Mzee alipokivaa alitembea chumbani sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu ujana wake. Alikwenda mpaka dirishani, akarudi, akaenda tena, machozi yakimlengalenga. "Angalia kijana wangu," Mama Pacha alisema, naye pia akajifanya anatafuta sindano.

Kesho yake alikwenda nacho kazini. Zilibaki siku mbili jenerali aje kuikagua mashine. Ikifaulu, itatiwa risasi za kweli wiki hiyohiyo. Adui alichukua mwavuli wake, akapita mbele ya jicho, kifua mbele.

Nyekundu.

"Leo Adui kafa kweli!" askari wakashangilia.

Akarudia. Nyekundu. Akaweka mwavuli chini, akapita mikono mitupu. Nyekundu. Hapo akakaa juu ya jiwe, akavua kiatu kile kipya, akapita akichechemea na soksi yake iliyotoboka. Kijani.

Mafaili hayakumfanya kuwa msomi, lakini miaka thelathini na mmoja ya kutembea ilimfundisha kusoma miguu. Akaona yote kwa mpigo. Askari wote walitembea sawasawa, naye peke yake alichechemea. Bibi Harusi hakujifunza amani wala shari. Alijifunza mguu. Anayechechemea apite, mwenye miguu mizima afe.

Akamwita injinia kando, akamweleza. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na akili, hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Baba," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, "jenerali anakuja keshokutwa. Taarifa imeshapelekwa kwamba imefaulu. Mimi ndiye niliyeisaini."

"Si uwaambie mlikosea? Kukosea si dhambi."

"Hujui watu hawa. Watasema nimekula karibu mwaka wao bure." Akamtazama miguuni. "Siku hiyo vaa kiatu cha zamani, Baba. Ipite tu. Nitakuja kuirekebisha polepole, nakuahidi."

"Ikishatiwa risasi?"

Macho ya binti yalijaa machozi, na Adui, aliyempenda kama mwanawe wa kumzaa, alishindwa kumgombeza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo ilimfika mdomoni akaimeza, kwa sababu kifo hicho kisingemuumbua binti huyu kwanza. Kingeanza na wengine.

Jioni alimkuta Mama Pacha akifunga furushi la sare.

"Hizi unapeleka lini?"

"Wiki ijayo, nikimaliza."

"Utapita wapi?"

"Njia ya uzioni. Kwani iko ipi nyingine? Vipi wewe, mbona umekunja uso?"

Akasema mgongo. Alitazama mikono ya mkewe ikivuta kamba, akawaza kiti chenye mto, chai, "Adui kafika," na neno mwalimu. Akisema, vyote vimekwisha, na binti wa watu ameharibikiwa. Akinyamaza, atakula chakula chake mezani kila siku akisikiliza mlio kutoka upande wa uzio. Akapiga moyo konde.

Siku ya ukaguzi jenerali alikuja na msafara wake, akapewa kiti kivulini. Askari kumi wenye bunduki za mbao walipita: nyekundu kumi. Jenerali akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Sajini akaita, "Raia!"

Adui alikuwa amekaa kwenye benchi na kiatu cha soli nene mapajani. Injinia alimwona. Angeweza kusema neno, sajini amwondoe pale. Alitazama kile kiatu muda mrefu kidogo, kisha akatazama kompyuta yake. Adui akakivaa, akafunga kamba, akatoka na mwavuli wake, akitembea sawasawa kama watu wote.

Nyekundu.

"Kwa nini imempiga mzee?" jenerali aliuliza. Adui alipiga saluti mbovu ya kiraia, akasema, "Afande, naomba nipite tena." Akavua kiatu. Alipoinuka, mtu alikuwa amesimama kando yake. Ni injinia, ameshika bunduki ya mbao. Akampa.

"Pita na hii, Baba," alisema.

Mzee akailekeza ile bunduki ya mbao moja kwa moja kwenye kiti cha jenerali, akaenda akichechemea, hatua kwa hatua. Shingo ya Bibi Harusi ikamfuata kwa upole. Kijani. Akafika hatua tano kutoka mashine, akasimama. Kijani vilevile.

Jenerali alikuwa amesimama.

"Sasa hii mashine yenu," alisema taratibu, "inamjua nani?"

"Mimi peke yangu, Afande," Adui akajibu. "Na mimi sina adui."

Bibi Harusi akafunikwa turubai lake siku hiyohiyo, akapelekwa stoo kwa panya. Injinia alipewa barua ya onyo, na vibali mia mbili. Vile vibali vya meza saba vilipita vyote kabla ya chakula cha mchana, jambo ambalo tarishi wetu hakuwahi kuliona katika utumishi wake wote, na lilimkasirisha kuliko mengine yote. Kumbe iliwezekana. Yeye mwenyewe aliambiwa, kwa shukrani na kupeana mikono, kwamba hahitajiki tena. Injinia alimletea nyumbani kile kiti chenye mto, akalia mlangoni, Mama Pacha akamwingiza ndani.

Bibi Harusi akatolewa tena, na mwaka mzima watu wa kila namna walipita mbele ya jicho: wajawazito, wapiga soga, walevi, hata wanawe Adui, wale mapacha wenyewe, walipokuja likizo. Mama Pacha naye alipita, akapata kijani, akarudi akitamba. Kisha mashine ikawekwa uzioni, na safari hii ilitiwa risasi. Tangazo lilibandikwa kwamba imethibitishwa kuwa salama, na lina mihuri mitatu.

Tangu hapo Mama Pacha hapeleki furushi peke yake. Mumewe huenda naye, na wakikaribia uzio humhamishia upande wa pili, yeye akabaki upande wa jicho. Kisha huinama, akavua kiatu cha soli nene na kutia cha zamani alichokibeba mfukoni mwa koti.

"Baba Pacha, vaa kiatu chako, mgongo utakuuma," mkewe alimwambia juzi.

"Nitavaa tukifika kwenye kona."

"Taa niliiona kwa macho yangu. Bibi Harusi ananijua sasa."

"Najua."

"Basi?"

Mzee akaanza kutembea. Juu ya uzio shingo ile ikageuka, ikawatazama. Mama Pacha aliweka furushi lake sawa kichwani, akamshika mumewe mkono, na kwa mara ya kwanza, bila kucheka, akaanza naye kuchelewesha mguu wake wa kushoto.