Barua Nyeupe ya Mtihani wa Taipureta

Enzi zetu pale Malaba, mtoto asiyeona alijua saa kwa masikio. Treni ya Uganda ikipiga honi, ni wakati wa kuanua simsim. Harufu ya samaki wakavu ikiingia uani, Mama karudi kutoka sokoni. Surua ilinichukua macho kabla sijajua rangi, kwa hiyo sikulilia giza. Nililia siku niliyopelekwa shule ya bweni upande wa Bumala.

Huko tulifundishwa breli kwa kibao na kijisumari, tukitoboa karatasi nukta baada ya nukta. Kila mwezi nilimwandikia Mama, ingawa nyumbani hakuna aliyejua kusoma nukta, hata kaka yangu Emodo aliyekuwa darasa la saba na kujiona profesa. Ukitaka barua ya kusomeka, ulimwambia mwalimu wa zamu akuandikie. Ungelia mbele yake hadi kamasi zikutoke, yeye aliandika vilevile: "Niko salama, nasoma kwa bidii." Mama akafurahi, akabaki kwake. Siku za wageni niliketi ngazini nikisikiliza nyayo za mama za wenzangu, nikinusa mandazi waliyoletewa. Nilikuwa mpweke, jamani.

Ndipo ikaja taipureta moja, kuukuu na nzito. Tulikariri herufi kwa vidole muhula mzima, kisha mkaguzi akaja kupima nani anaweza kuitumia bila msaada. Atakayefaulu angeruhusiwa kuandika barua zake mwenyewe. Alituambia tuchape lolote. Nikachapa mbio, nikachomoa karatasi kwa fahari.

"Msichana, hii karatasi haina kitu," akasema.

Kumbe asubuhi ile karani alikuwa amechapa stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala, na stensili huchapwa utepe wa wino ukiwa umezimwa. Alisahau kuurudisha. Anayeona angegundua kwenye herufi ya kwanza. Mimi nilijaza ukurasa. Wenzangu wakacheka. Nikapapasa karatasi, nikasikia vishimo vya herufi chini ya vidole.

"Mwalimu, gusa. Iko hapo."

Mkaguzi aliipeleka dirishani, akasoma polepole mbele ya darasa zima: "Mama, mimi si salama. Kila siku ya wageni nakaa ngazini peke yangu. Njoo unione."

Hakuna aliyecheka tena. Aliurudisha utepe kwa mkono wake. "Umepita," akasema. "Chapa tena hiyo hiyo. Nitaiposti mimi."

Juma lililofuata Mama alishuka kwenye lori la pamba, kuku kwapani. Kikapuni alikuwa na barua zangu zote za nukta, za miaka miwili, kazifunga kwa leso.

"Nisomee, mwanangu," alisema. "Kwetu hakuna mtu alijua zinasema nini, lakini kutupa nilishindwa."

Tulikaa kwenye nyasi nikamsomea zote, moja baada ya nyingine, hadi kengele ya chakula. Alilia, nami nikalia. Sijawahi kuwa na siku tamu kama ile.

Siku hizi simu inanisomea kila kitu. Vijana wa leo wangezimia wakipewa kijisumari. Hata salamu wanaifupisha kuwa herufi mbili. Mwezi uliopita niliiambia simu, ikaandika bila kosa, ikamfikia mwanangu Nairobi kabla sijafunga mdomo: "Njoo unione."

Jibu likaja papo hapo. Simu ikanisomea kwa sauti yake ya upole: "Uso unaotabasamu. Moyo mwekundu."

Nikatoka nje, nikaketi ngazini.