Kambini Ruiru, Disemba Bila Baba

Baba alikufa akifunga kamba za viatu. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Oktoba, mimi nikiwa darasa la nane. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha nguo mjini Thika, na siku hiyo alikuwa na zamu ya asubuhi. Aliketi, akainama, akafunga kiatu cha kushoto, na hakuinuka tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikipiga mswaki. Daktari alisema ni presha.

Wiki chache baada ya mazishi nilifanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Niliandika insha, nikafanya hesabu, nikarudi nyumbani. Majirani wa ploti yetu, vyumba vya kupanga pale mtaa wa Kiganjo, walimwambia mama, "Huyu kijana wako ana roho ngumu." Mama aliitikia kwa kichwa. Mimi sikuona roho ngumu wala laini. Mwili mzima ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unauona, unaushika, unajua ni wako, lakini hausikii.

Kwetu, mvulana akimaliza darasa la nane hupashwa tohara Disemba hiyo hiyo. Siku hizi makanisa ndiyo yamechukua kazi hiyo. Wavulana hukaa pamoja kambini wiki tatu, wakiuguza vidonda na kufundishwa mambo ya utu uzima. Baba alikuwa ameniandikisha tangu Agosti. Mama angeweza kuahirisha, na nadhani alitaka kuahirisha, lakini anko wangu, mdogo wa baba, alikuja Jumapili moja akasimama katikati ya nyumba.

"Baba yako alishapanga," akaniambia. "Twende tu."

Nikasema sawa. Wakati huo nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu.

Kambi ilikuwa katika shule moja ya bweni upande wa Ruiru, iliyofungwa kwa likizo, nyuma yake kukiwa na shamba kubwa la kahawa. Tulikuwa wavulana thelathini hivi, bweni moja, vitanda vya chuma vya ghorofa. Anko alinibebea godoro hadi ndani, akalitandika yeye mwenyewe, akalipiga-piga kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha akaenda zake.

Siku ya pili tulipelekwa kliniki, mmoja mmoja. Mkuu wa kambi, mwalimu mstaafu mwenye mvi, alisimama mlangoni akituonya tusikunje uso. Ukutani mle ndani mlikuwa na kalenda yenye picha ya ng'ombe wa maziwa. Niliwatazama wale ng'ombe hadi mambo yakaisha. Muuguzi akaniuliza, "Uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Akanitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akamwita mwingine.

Wakati wa chakula mwalimu alinisimamisha mbele ya wenzangu, sote tukiwa tumejifunga mashuka kiunoni.

"Mwangarieni huyu," alisema. Kwake l na r zilikuwa herufi moja. "Amefiwa na baba yake juzi, na hakukunja hata nyusi. Hivyo ndivyo mwanaume hufanya. Mwanaume harii."

Wengine waliuma midomo wasicheke ile *harii*. Mimi nilisimama nikiwa na sahani ya githeri, mahindi na maharagwe, mkononi. Nilifanywa kiongozi wa bweni papo hapo. Kazi yangu ilikuwa kuwaamsha wenzangu, kuwapanga foleni ya uji na kukagua vitanda. Nilifanya yote vizuri. Kazi ya aina hiyo haikudai chochote kutoka ndani.

Kitanda cha chini yangu kililaliwa na kijana mwembamba kutoka mtaa wa Landless, huko huko Thika, ambaye mama yake aliuza nguo za mitumba sokoni. Huyu alilia kuanzia siku ya kwanza. Alilia kliniki, alilia akioga, alilia uji ulipokuja bila sukari, alilia akimkumbuka dada yake mdogo ambaye hakuwahi kulala mbali naye. Hakujificha. Wavulana walimtania kwamba bweni litafurika. Mwalimu alimwita kando mara mbili akamwonya, naye akarudi analia kwa sababu ya kuonywa.

Asubuhi tulikuwa na masomo. Tulifundishwa kufua, kuheshimu wanawake, kukataa pombe na bangi. Siku moja somo likawa kazi ya baba nyumbani, na kila mmoja akaambiwa amwandikie baba yake barua, isomwe siku ya kufunga kambi. Mwalimu alifika dawati langu, akainama.

"Wewe unaweza kumwandikia anko," akaninong'oneza. Aliweka mkono begani mwangu na nikaona kwamba, kwa namna yake, alikuwa ananihurumia.

Niliandika: *Kwa Anko mpendwa. Natumaini hujambo. Mimi sijambo. Hapa tunakula vizuri.* Halafu nikaorodhesha vyakula vya wiki nzima, Jumatatu hadi Jumapili, mpaka ukurasa ukajaa.

Wiki ya pili, baada ya chakula cha mchana, niliona shuka la rangi ya samawati likipita katikati ya miti ya kahawa, ng'ambo ya ua. Yule kijana wa Landless alikuwa ametoroka. Nikapenya pale pale alipopenyea, nikamfuata. Haikuwa mbio. Sote tulikuwa bado tunatembea miguu ikiwa mbalimbali kama mabata, na yeye aligeuka akaniona, akajaribu kuongeza mwendo, akashindwa.

"Rudi," nikamwambia.

"Sirudi. Naenda home."

"Utapanda gari na hiyo shuka?"

Akajitazama. Barabara kuu ilisikika mbali, malori yakinguruma kuelekea Nairobi. Akaketi polepole kwenye majani makavu chini ya mti wa kahawa, akaanza kulia. Nikasimama kando yake, maana kuketi kuliuma.

"We hulii aje?" akaniuliza baada ya muda. "Nifunze."

Hakuwa ananikejeli. Alitaka kufunzwa kweli, kama mtu anavyotaka kufunzwa kuendesha baiskeli.

"Hakuna kitu nafanya," nikasema. "Siskii tu."

"Hata huko?" Akaonyesha shuka langu kwa kidevu.

"Huko naskia. Ni kwingine sisikii."

"Tangu lini?"

"Tangu buda akufe."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo, kwamba baba amekufa, mimi mwenyewe. Watu wengine walikuwa wamenisemea, tena kwa maneno ya kuzunguka: ametutoka, amepumzika, Bwana amemchukua. Nilingoja nione kama kuna kitu kitatokea baada ya kulisema. Hakuna kilichotokea. Upepo ulipita kwenye kahawa.

Kijana akajipangusa pua. "Alikuwa mtu wa aina gani?"

Nilitaka kumwambia jinsi baba alivyocheka, au alivyoongea na redio akisikiliza mpira. Nilitafuta sauti yake nikaikosa. Kilichonitoka mdomoni kilikuwa, "Alikuwa anavaa nambari nane."

"Nane ya nini?"

"Viatu."

Hakucheka. Alifikiria, akang'oa jani la kahawa, akalikunja. "Mimi wangu hata sijui anavaa ngapi," akasema. "Alitoka kitambo."

Tulikaa pale mpaka kengele ya chai ikalia. Kisha akanyoosha mkono nimwinue, nikamwinua, tukarudi.

Mwalimu alikuwa langoni, mikono nyuma. "Mrikuwa wapi?"

"Nilimpeleka kutembea," nikasema.

"Bira ruhusa?"

"Bila ruhusa."

Alinitazama kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Uongozi wa bweni alimpa mvulana mwingine, na sisi wawili tukapewa siku tatu za kumenya viazi nyuma ya jikoni. Sikujali. Lakini zile siku tatu nazikumbuka kuliko masomo yote. Kijana alinifundisha kumenya ganda jembamba kama alivyofundishwa na mama yake, maana mimi nilikuwa nakata nusu ya kiazi. Aliniambia habari za dada yake, za chumba chao, za jinsi alivyoogopa kwamba akiwa mwanaume dada yake hataruhusiwa kumshika mkono barabarani. Alilia na kumenya, kumenya na kulia. Mimi nilisikiliza. Sikuwa na machozi ya kuchangia, lakini niligundua kwamba ningeweza kukaa karibu na machozi ya mtu bila kumwambia anyamaze. Hadi leo tunapigiana simu. Ana watoto wawili, na kila mmoja alipozaliwa alinipigia akilia hivi kwamba ilibidi nimsubiri ndipo nijue ni msichana au mvulana.

Siku ya kufunga, wazazi walikuja na nguo mpya. Anko aliniletea koti ambalo mikono yake ilifika vidoleni. Barua zilisomwa, na anko alisikiliza orodha yangu ya vyakula akiitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa. Mwalimu naye alikuwa amenisamehe. Aliniita mbele akasema huyu ndiye jasiri wetu wa mwaka huu, akanipa maikrofoni.

Nikasema, "Mimi sikuwa jasiri. Sikusikia kitu tu."

Ukumbi mzima ulicheka, ukapiga makofi. Anko alipiga kuliko wote, akimwambia jirani yake, "Umeskia huyo?" Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa safu ya pili, mkoba mapajani, na hakuwa anacheka.

Kwetu, kijana aliyetoka kambini halali tena chumba kimoja na mama yake. Kwa hiyo anko alikuwa amenikodishia chumba kidogo mwisho wa ploti, na mama alikuwa ameshahamisha kitanda changu na kupigilia misumari ya kutundikia nguo. Alasiri hiyo aliniletea mukimo wa viazi vya kupondwa na nyama, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Hapakuwa na kiti.

"Yale uliyosema pale," akaanza.

"Ndiyo, Mama."

"Ni ya kweli?"

"Ni ya kweli."

Alitazama misumari ukutani. "Kanisani wananiambia Mungu amenipa nguvu," akasema. "Si nguvu. Mimi napika, nafua, naenda sokoni, na ni kama namwangalia mama mwingine akifanya. Nilidhani ni mimi peke yangu."

"Hata mimi nilidhani hivyo."

Hatukulia. Yeye alikuja kulia mwaka uliofuata, ghafla, siku mbili mfululizo. Mimi sijui kama machozi yangu yamewahi kutoka yote. Ila kuanzia alasiri ile hatukuigiziana tena kwamba tuko sawa. Asubuhi nilipomuuliza ameamkaje, alinijibu, "Vile vile," nami nikajua anamaanisha nini, na hakuna aliyehitaji kumpa mwenzake moyo.

"Kula kabla hakijapoa," akaniambia.

Nilikula. Nilipofika katikati nilimsogezea sahani, naye akachukua kijiko akala upande wake, polepole, mpaka kikaisha.