Mtangazaji wa Makelele

Watu wa Korogwe walimwita Emiliana "mama makelele", ingawa hakuwa na mtoto wala hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mwanamke mpole wa Mashewa, mwenye sauti ya chini inayomfanya msikilizaji aisogelee redio. Jina lilitokana na kipindi chake. Kila Jumapili alasiri, katika redio ndogo iliyokuwa ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi la mzee Lalji, alipiga muziki ambao wengi walikataa kuuita muziki: milio ya mitambo iliyorekodiwa na kukatwakatwa, vyuma vinavyosuguana, miungurumo ya umeme, midundo inayogonga kama nyundo isiyochoka. Mwingine alitumiwa na vijana wa Dar es Salaam na Kampala wanaoutengeneza vyumbani mwao, bila kampuni wala jukwaa. Mwingine aliutengeneza mwenyewe.

Mama mmoja wa Magoma alikuwa akipiga simu kuuliza kama redio yake imeharibika. Mchungaji mmoja alisema hizo ni sauti za kuzimu. Lalji, mwenye redio, alifunga mlango wa ofisi yake kila kipindi kilipoanza, lakini hakukifuta. "Binti anakipenda," alimwambia mkewe, Chandrika. "Na saa hizo watu wamelala."

Aliyesikiliza kwa moyo wake wote alikuwa mdogo wake Emiliana, Ernesti. Baba yao alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kukamulia mkonge, na wote wawili walikulia kwenye kambi ya shamba la mkonge ambako mngurumo ulianza kabla ya jogoo. Shamba lilipofungwa, Ernesti alilalamika kwamba ule ukimya unamuuma masikio. Tangu kipindi kianze, yeye ndiye aliyezunguka na kirekodi: kwenye mashine za kupasulia mbao, kwenye karakana za kuchomelea, kando ya reli. Alirudi na sauti begani kama mwindaji.

Emiliana ndiye aliyemtuma machimboni. Huko porini Handeni, wachimbaji wadogo wa dhahabu wana makarasha, mitambo ya kusagia mawe, naye alikuwa akiutamani mlio wake kwa muda mrefu.

"Usiishie juu," alimwambia huku akimfungia begi. "Juu kila mtu anasikia. Nataka unavyosikika ukiwa ndani ya shimo."

"Utaupata, dada," alisema Ernesti.

Habari zilimfikia Emiliana akiwa studio. Duara, yaani lile shimo la kuchimbia, lilikuwa limetitia. Watu wawili walikuwa chini: mchimbaji aitwaye Afisa, na kijana mgeni mwenye kirekodi. Emiliana hakulia. Alibeba kirekodi kilichobaki, hedifoni, na kimaiki kidogo cha kubandika kwenye chuma, akashuka ngazi akatafuta gari la Handeni.

Alikuta umati umezunguka shimo. Wanaume walikuwa wakipokezana ndoo za udongo, na pembeni makarasha ya maduara mengine yaliendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Walimwelekeza kwa msimamizi, mzee Sadala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Wewe ni nani wao?"

"Ernesti ni mdogo wangu. Yule wa kirekodi."

Sadala alitazama chini. "Pole sana. Tunachimba, lakini hatujui tuelekee wapi. Huko chini njia zimegawanyika, moja inafuata mwamba, nyingine inaenda kwenye maji. Na udongo bado unashuka. Jua likizama nasimamisha."

"Usimamishe nao wako hai?"

"Nikizika wawili, mama, ni msiba. Nikiongeza hawa wanaochimba, nitawaambia nini wake zao?"

Emiliana aliona bomba la chuma likitokeza kwenye kifusi, lile la kuvutia maji. Akaomba makarasha yazimwe. Kila mtambo ulikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa na mawe yake ndani. Alikwenda kwa mmoja baada ya mwingine. Mbele ya mwanamume asiyemjua hata jina alipiga magoti kwenye tope. "Kaka, nipe muda wa kuchemsha chai tu." Yule mwanamume aligeuza uso. Ndipo mwanamke aitwaye Chausiku, mwenye karasha kubwa kuliko yote, alipozima lake, kisha akaenda kumzimia na huyo mkaidi. Wengine wakaona haya, wakafuata.

Pori lilinyamaza. Emiliana alibandika kimaiki kwenye bomba, akavaa hedifoni, akafumba macho.

Miaka yote alijifunza kusikia muziki pale ambapo wengine walisikia fujo tu. Sasa ujuzi huo ukamgeukia. Kila tone la maji lilikuwa mtu. Kila kokoto iliyodondoka ilikuwa mtu. Hata damu yake, ilivyokuwa ikipiga masikioni, ilimwita dada. Kwa mara ya kwanza maishani aliyachukia masikio yake.

Halafu: ta, ta. Kimya. Ta, ta, ta.

Alimvalisha Sadala hedifoni. Mzee alisikiliza, akatikisa kichwa. "Maji hayo, mama."

"Maji hayapumziki. Huyu anachoka, anapumzika, anaanza tena."

"Ukikosea, tutakuwa tumechimba upande usio sahihi, na jua limekwisha."

"Najua, mzee. Bomba linaenda kwenye maji. Chimbeni huko."

Walichimba huko. Emiliana aligonga bomba kwa jiwe, akasubiri, na jibu likaja. Aligonga tena, likaja dogo zaidi. Alianza kumsemesha Ernesti kwa Kishambaa cha nyumbani, akijua hasikiki, akimwahidi mambo, akimgombeza asilale. Majibu yalipokatika aliendelea kugonga mpaka vidole vikatoka damu.

Jua lilikuwa karibu kuzama uwazi ulipopatikana. Mkono ulionekana, umejaa tope, umeshika kipande cha nondo. Watu walimvuta taratibu, wakamnawisha uso.

Alikuwa Afisa.

Mama yake Afisa alimkumbatia Emiliana, akimwita mwanangu, akimwombea kwa Mungu kila jema. Emiliana alisimama mikono ikining'inia. Alitamani kumsukuma yule mama. Alitamani furaha ile imwondokee machoni. Alijua ni dhambi, na hakuweza kuizuia.

Ernesti alipatikana kesho yake upande wa mwamba. Hakuwa amepata hata nafasi ya kugonga. Yale maneno yote ya nyumbani dada yake alikuwa akiyasema kwa mtu mwingine. Walimzika Mashewa. Kirekodi chake hakikuonekana, naye Emiliana hakuomba kitafutwe.

Afisa alipoweza kutembea alikuja Korogwe kwa mkongojo. Lalji alimpa kiti dukani, akawaachia nafasi wazungumze.

"Niambie alisema nini mwisho," Emiliana alimwomba.

Afisa alipapasa goti lake. "Aliniomba ninyamaze, dada. Wenzangu walikuwa wameshapanda juu, nimebaki mimi na yeye. Alisema, 'Tulia kidogo, kaka, dada anataka pasikike vizuri.' Nikasogea upande wa maji nisimharibie. Ndipo pakashuka."

Emiliana alimshukuru, akamsindikiza mpaka stendi, akampungia mkono.

Jumapili iliyofuata alijaribu. Alifungua kipindi, akaanzisha muziki, na chini ya kila mlio akasikia ta, ta, ta. Akazima. Redio ilinyamaza hewani. Lalji alipanda ngazi mbio akamkuta ameziba masikio kwa viganja.

"Pumzika, binti," alisema mzee. "Kipindi kitakungoja."

Hakurudi kukidai. Saa ile sasa inapigwa kwaya. Emiliana bado yupo redioni. Adhuhuri anasoma matangazo ya vifo, polepole, jina moja moja. Akimaliza anavua hedifoni, anaiweka mezani, na kwenda nyumbani kwa njia ndefu isiyopita karakana.