Betri Juani

Juzi, kwenye kibanda cha chipsi pale Mikumi, simu ya muuzaji ilikuwa inapiga albamu mpya ya yule mwana hip-hop tuliyempenda zamani. Sauti yake imekuwa nzito, anavuta maneno. Kijana mmoja akasema, "Zima huyo mzee, weka kitu cha kucheza." Akazimwa.

Nikakumbuka mchana mmoja Munisagara, nyuma ya jiko la mama. Kaka Elia alikuwa na kaseti moja tu, ya huyo huyo, na kesho yake alikuwa anakwenda Ruhembe kukata miwa, redio anaondoka nayo. Katikati ya wimbo sauti ikaanza kuzama, ikawa ya kizee, kisha ikakata. Nikaangua kilio. Nilidhani mwimbaji kachoka, na tuliomchosha ni sisi.

Kaka hakunicheka. Alitoa betri, akazipanga juu ya bati kando ya mahindi yaliyoanikwa. "Mwache apumzike, mdogo wangu." Tukakaa tunanusa moshi wa kuni na bati la moto, treni ya mizigo ikapita. Betri ziliporudishwa, jamaa akachana mistari kama mtu aliyetoka kulala. Niliamini jua linaponya watu.

Juzi hiyo, nilipofika nyumbani, nilimpigia kaka. Bado yuko Ruhembe, miwa imemmaliza mgongo.

"Shikamoo kaka. Umeisikia albamu?"

"Marahaba. Nimeisikia," alijibu, neno moja moja, akilivuta.

Nami, mtu mzima sasa, nikageuka dirishani kutazama kama jua bado lipo.